Bizimu la Kaburi Namba 41

Sehemu ya Saba

Vikombe vilivunjika vyote viwili. Kahawa ikatiririka mpaka chini ya meza ya mashine, na Shangazi Jolán hakuinama kuokota hata kigae kimoja.

"Hilo bizimu ni la dada yangu," alisema kwa mara ya pili.

Hapo ndipo tulipomwacha Jumamosi iliyopita, msomaji wangu, mikono imeshika sinia tupu. Na kama gazeti lilikupita, haya yanakutosha. Wiki sita nzima Bíró Emőke, mtaalamu wa madini kutoka Szeged, alikuwa amejifungia kwenye stoo ya makumbusho ya Halomszeg akipima kwa eksirei mapambo ya wafu: vishikizo vya mikanda, hereni, bangili, na yale mabizimu ya duara ambayo wanawake wa kale walifungia nguo kifuani. Makaburi mia mbili na kumi na mawili, yote ya Waavari, kabila la kale, waliozikwa kando ya mto Tisza zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili iliyopita. Kila kipande kilikuwa kikitoa majibu ya kawaida. Kisha, asubuhi ile ya Februari, akaweka chini ya mashine bizimu la kaburi namba 41, na mashine ikasoma kadimiamu ndani ya lehemu. Hakuna mhunzi wa kale aliyewahi kuijua kadimiamu.

Bizimu la mtu wa juzi, kaburini mwa watu wa kale. Na sasa mfagiaji wa makumbusho anasema analijua.

"Keti, Shangazi."

"Sitaki kuketi. Limefikaje hapa?"

"Lilitoka ardhini. Mwaka tisini na moja, walipopitisha bomba la gesi."

"Basi mmekosea boksi. Ilka hakufa. Ilka alivuka mpaka."

Hakuna mtu Halomszeg asiyeijua habari hiyo. Sárosi Ilka, mchoraji wa ule uchimbaji wa makaburi, Agosti ya mwaka sabini na tisa: baiskeli yake ilikutwa stesheni, yeye hakukutwa popote. Miezi saba baadaye ikaja barua kutoka Linz, Austria. Watu wakasema, huyo ameshakula maisha. Polisi nao wakaja kumhoji baba yake, maana enzi zile za ukomunisti kutorokea Magharibi lilikuwa kosa, na familia iliyobaki ndiyo iliyolipia.

"Umejuaje ni lake?" Emőke aliuliza taratibu. "Mabizimu ya duara yapo mengi."

"Baba alikuwa fundi wa saa na baiskeli. Baada ya vita mashamba yalijaa maganda ya mizinga, akayaokota gunia zima. Ilka alipopata kazi ya kuchora, alimletea Baba mchoro wa bizimu la kale akamwambia, nitengenezee kama hili. Baba akayeyusha maganda, akatengeneza mawili. Moja la Ilka. La pili langu."

Emőke aligeuza skrini ya mashine ili mama yule aione.

"Tazama. Shaba sabini, zinki thelathini. Bati hamna, risasi hamna. Watu wa kale walikuwa wakiyeyusha vyuma chakavu juu ya vyuma chakavu, Shangazi. Shaba yao ni kama supu ya Jumapili iliyolala mpaka Alhamisi, kila kitu kimo. Hii ni safi kama imetoka kiwandani."

"Imetoka kiwandani," Jolán alisema. "Kiwanda cha mizinga."

Wakatazamana.

"Lako liko wapi?"

"Nyumbani, kwenye kopo la sindano."

"Kalilete. Usimwambie mtu."

Jolán alitoka na aproni yake ya kazi, bila koti, na theluji ilikuwa inaanguka. Emőke alisikia mnyororo wa baiskeli ukilalamika uani. Akachukua ufagio akaanza kukusanya vigae.

Hajamaliza, mlango ukafunguka.

"Nabusu mkono, binti."

Alikuwa Daktari Kürthy Vendel, na salamu yake ya kizamani. Amestaafu miaka tisa sasa, lakini mji mzima bado unamwita Bwana Mkurugenzi, na bado huja kila asubuhi na kitambaa chenye pogácsa, vile viandazi vya chumvi, kuwagawia wafanyakazi. Ndiye aliyechimba makaburi yale. Ndiye aliyeyaandikia vitabu. Yote isipokuwa kaburi moja.

"Nani amevunja vikombe?"

"Mimi."

Mzee aliweka kitambaa mezani. Macho yake yakatua kwenye kisahani cha mashine, yakabaki hapo.

"Umefika arobaini na moja," alisema. Hakuwa anauliza.

"Nimefika. Kuna tatizo, Bwana Mkurugenzi. Si la kale."

Kürthy alicheka kidogo, kile kicheko cha mwalimu aliyekuta kosa dogo kwenye daftari la mwanafunzi mzuri.

"Nilijua utaniumbua siku moja. Mwaka themanini na tano tuliagiza nakala sita kwa ajili ya maonyesho. Mzee Sárosi ndiye aliyezitengeneza. Mfanyakazi mmoja mvivu akachanganya maboksi. Andika 'nakala', itoe kwenye orodha, tuendelee."

Niseme ukweli, hata mimi ningeamini. Emőke aliamini. Alihisi mabega yake yakishuka, akanyoosha mkono achukue kiandazi.

"Nani mwingine ameliona?" mzee aliuliza.

Swali lilikuwa jepesi, sauti ilikuwa nyepesi. Lakini mkono wa Emőke ulisimama hewani.

"Hakuna."

"Vizuri." Kürthy alilichukua bizimu kwenye kisahani, akalitia mfuko wa kizibao. "Nitalirudisha kabati la nakala."

"Sijamaliza kulipima."

"Umemaliza, binti."

Akakaa. Hakuondoka! Alikaa kwenye kiti cha pekee chenye mgongo, kati ya Emőke na mlango, akaanza kula kiandazi polepole, makombo yakimwangukia magotini. Dakika tano. Dakika kumi. Emőke akijifanya anaandika, kalamu haina wino na hajui.

Kengele ya baiskeli ikalia uani.

Jolán aliingia na theluji nyweleni. Mkono mmoja ameshika kitambaa kilichofungwa fundo, mwingine ameshika bahasha ya zamani. Hakusalimia, na huyu ni mwanamke ambaye miaka yote amekuwa akimsalimu Bwana Mkurugenzi kabla hajavuka kizingiti.

"Liko wapi?"

"Analo yeye, Shangazi. Mfukoni."

"Ahaa," mzee alisema. "Kumbe 'hakuna' ana miguu na baiskeli."

"Anasema ni nakala," Emőke alisema haraka. "Anasema baba yako alitengeneza sita, mwaka themanini na tano."

Jolán alifungua fundo la kitambaa. Hakuinua sauti.

"Baba yangu alikufa themanini na moja, Bwana Mkurugenzi. Alizitengenezea kaburini?"

"Basi ilikuwa themanini. Nimezeeka, Jolán, tarehe zinanikimbia."

"Themanini karakana yake ilikuwa na kufuli la serikali mlangoni. Hata nyundo walichukua. Ulikuwepo walipokuwa wanafunga, ulisimama ng'ambo ya barabara."

Mzee alitoa bizimu mfukoni, akaliweka mezani bila kumtazama mtu.

Emőke aliyaweka mawili sambamba. Moja limeng'aa kwa kusuguliwa, lingine la kijani kwa kutu ya ardhini. Sekunde sitini kwa kila moja. Shaba sabini, zinki thelathini. Shaba sabini, zinki thelathini. Kadimiamu kwenye lehemu ya pini, hapa na pale.

"Ni ndugu," alisema.

"Na hiyo inathibitisha nini?" Kürthy alisimama. "Kwamba ni la Ilka? Sawa, ni la Ilka! Alilisahau mezani kwangu siku alipotoroka, likaingia boksi lisilo lake. Jolán, wewe una barua zake. Maiti wanaandika barua?"

Lilikuwa pigo zuri, na lilimpata. Jolán aliitazama bahasha mkononi.

"Barua tatu," alisema. "Mama alikufa zikiwa chini ya mto wake."

"Basi."

"Zote zimepigwa taipureta. Dada yangu alikuwa hawezi kuandika hata orodha ya sokoni bila kuchora ndege pembeni. Barua tatu, Bwana Mkurugenzi. Hakuna ndege hata mmoja. Mama aliuliza jambo hilo mpaka anakata roho, mimi nikamwambia, Mama, kule Austria watu wana shughuli nyingi."

Emőke hakuwa akisikiliza tena. Alikuwa anawaza kuhusu kutu. Bizimu lililosahauliwa mezani halioti kutu ya namna ile. Lilikuwa limelala ardhini, tena ardhi yenye unyevu. Na kama lililala juu ya mtu, mtu huyo atasema mwenyewe.

"Kuna njia ya kujua," alisema. "Shaba ikioza juu ya mfupa, mfupa unashika rangi yake. Unakuwa kijani, na haitoki hata ukisugua. Kama mifupa ya arobaini na moja ni myeupe, Bwana Mkurugenzi anasema kweli."

Akaelekea kwenye rafu ya mwisho.

"Jolán," mzee alisema, na sauti yake ilibadilika kabisa. "Mzuie. Hutapenda."

Jolán aligeuka akamtazama. Hivi, msomaji, ni mtu gani hajui kilichomo ndani ya boksi na bado anajua kwamba hutakipenda?

Lilikuwa kwenye rafu ya chini kabisa, boksi la kadibodi, namba imeandikwa kwa rangi nyeusi. Emőke alilivuta. Halikuwa na vumbi.

"Hilo nalifuta kila Ijumaa," Jolán alisema. "Yote nayafuta kila Ijumaa."

Kifuniko kikatoka. Mifupa ilikuwa imefungwa kwenye magazeti ya mwaka tisini na moja, vifurushi vifurushi, kila kimoja kimeandikwa kwa mwandiko wa wanafunzi: mbavu, uti wa mgongo, paja la kulia. Emőke alitafuta mtulinga. Akaukuta. Akaufungua juu ya meza, chini ya taa.

Ulikuwa kijani kama jani la kabichi.

Alilishika bizimu kwa vidole viwili, akaliegemeza kwenye mfupa. Ukingo wa doa na ukingo wa bizimu vilikutana bila kuachana hata unywele.

Jolán alikuja mezani, akaanza kufungua vifurushi mwenyewe, kimoja kimoja, kama anayefungua nguo za mtoto. Alipofika kwenye mkono wa kushoto alisimama. Mfupa wa kigasha ulikuwa umepinda katikati, umeungana vibaya, una nundu.

"Mti wa cheri," alisema. "Alikuwa na miaka tisa. Alipanda kunichumia mimi, mimi nilikuwa naogopa. Daktari alikuwa mlevi, akaufunga mkono ukiwa umepinda. Walimtania shuleni mpaka akajifunza kuchora kwa ule wa kulia."

Akakaa sakafuni, pale pale kwenye kahawa, mfupa ukiwa mapajani.

"Kumi na minane," alisema. "Miaka kumi na minane. Namfuta vumbi. Nilikuwa nakuja na redio, naimba, Emőke. Siku nyingine nikichoka naweka kikombe changu juu ya hilo boksi. Kikombe cha chai. Juu yake."

Emőke alipiga magoti akamshika. Kisha akatoa simu, akawapigia polisi. Mtu wa zamu alisikiliza, akauliza jina la makumbusho, akasema gari iko barabara kuu, nusu saa.

Kürthy hakukimbia. Alikuwa ameketi tena, kiandazi kilichoumwa mara moja bado mkononi.

Na ndipo Emőke, akirudisha vifurushi, akagundua kilichopungua. Alisoma karatasi ya wanafunzi iliyobandikwa ndani ya kifuniko. Mwanamke, miaka ishirini na mitano mpaka thelathini na mitano. Bizimu la duara kifuani. Hana viatu, hana mkanda. *Fuvu lipo, limejaa udongo, halijasafishwa.*

Alihesabu tena. Alipekua mpaka chini ya boksi.

"Fuvu liko wapi?"

Mzee alifumba macho.

"Bwana Mkurugenzi. Fuvu liko wapi?"

"Kwangu," alisema Kürthy. "Nyumbani."

Nyumba ya mkurugenzi iko uani mwa makumbusho, hatua arobaini. Alipostaafu walimwachia nyumba, kwa heshima. Emőke alitaka wasubiri polisi.

"Nimemsubiri miaka thelathini mtu ambaye hayupo," Jolán alimjibu, akijifutia kahawa kwenye sketi. "Siongezi nusu saa. Inuka, Bwana Mkurugenzi. Twende ukanipe dada yangu."

Walivuka theluji, mzee mbele. Jikoni kwake kulikuwa na joto, na harufu ya vitunguu. Alifungua stoo ya chakula. Rafu zilijaa mitungi ya matango ya siki na jemu ya plamu, mkewe marehemu aliiandika tarehe zote, na hakuna aliyeila tangu afe. Nyuma ya mitungi kulikuwa na boksi la kofia, la duara, lenye utepe.

Alilibeba mpaka mezani. Hakulifungua. Akaweka viganja vyake viwili juu ya kifuniko.

"Nisikilizeni kwanza."

"Sema," Jolán alisema.

"Siku ile alivaa gauni la kitani."

"Mama alilishona. Alitaka kupigwa picha ya kadi za posta, awe kama mwanamke wa makaburini. Aliondoka peku."

"Ndiyo. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Wizara ilinipa amri nitie mbao kwenye kuta za mtaro wa uchimbaji, na mbao nilikuwa sijatia. Nilikwenda posta kupiga simu, kumuulizia mpiga picha. Niliporudi, ukuta ulikuwa umeanguka. Nikaambiwa Ilka yuko chini. Nikaambiwa ameshakufa."

"Ukachimba."

Kürthy alikuwa anasugua kifuniko kwa kidole gumba.

"Ulichimba, Bwana Mkurugenzi?"

"Nilifukia. Ningefungwa miaka minane. Nilikuwa na watoto wawili. Nikaambiwa, huyu kila siku anazungumzia Vienna, nani atashangaa? Nguo zake za kazi, zilizobaki kwetu, nilizichoma. Baiskeli niliipeleka stesheni mimi mwenyewe. Kila nilipokwenda mkutano Linz, nilituma barua."

"Halafu ukanipa ufagio," Jolán alisema. "Walinifukuza ualimu kwa sababu dada yangu ni mtoro, ukaja nyumbani na kofia mkononi, ukasema, Jolán, makumbusho yanahitaji mtu wa kufagia. Mama alikubusu mkono."

"Nilitaka kusaidia."

"Mama alikubusu mkono, Kürthy!"

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kumwita kwa jina tupu. Mzee aliinamisha kichwa kama aliyepigwa.

Emőke alikuwa amesimama dirishani, anatafuta taa za gari. Ndani yake hasira na huruma zilikuwa zinasukumana. Ajali, basi. Ukuta mbovu na mtu mwoga. Jambo la kutisha, lakini jambo linaloeleweka. Alidhani sasa ameshafika mwisho wa habari ile.

"Wanafunzi walimtoa tisini na moja nikiwa hospitali, nakatwa nyongo," Kürthy aliendelea. "Hakuwa na kiatu, hakuwa na zipu, kitani kimeoza. Ana bizimu. Wangejuaje? Niliporudi alikuwa tayari ana namba."

"Ondoa mikono," Jolán alisema.

Akaondoa.

Jolán alivuta utepe. Ndani kulikuwa na shali ya sufi, na ndani ya shali fuvu, safi, limepigwa brashi mpaka linang'aa, kama anavyofanya mtaalamu anayeipenda kazi yake. Jolán alilibeba kwa viganja viwili. Kidole gumba kilipita juu ya paji la uso, juu ya shimo la jicho, juu ya jino la mbele lililopishana na mwenzake.

"Ni yeye."

Kisha vidole vilivyokuwa vimelikumbatia kwa nyuma vikakuta kitu. Akaligeuza.

Kisogoni kulikuwa na tundu. Halikuwa ufa wala bonyeo. Tundu la pembe nne, kingo zake kali, lingeweza kuingia kidole cha mtu mzima.

Emőke alisogea. Alikuwa ameona mafuvu ya kutosha katika kazi yake.

"Udongo haufanyi hivi," alisema. "Udongo ukianguka unaponda, unavunja vipande vipande. Hiki ni chuma. Sururu ndogo, au nyundo yenye ncha. Amepigwa kutoka nyuma."

Jolán aliliweka fuvu mezani kwa upole. Kisha akachukua kisu cha mkate.

"Hapana, Shangazi!"

"Ulisema ukuta," Jolán alimwambia mzee.

"Niliambiwa ukuta! Nilisema niliambiwa!" Kürthy alikuwa ameshika ukingo wa meza, vidole vyeupe. "Sikumwona mpaka tisini na moja. Nilileta hilo fuvu hapa, nikalisafisha kwenye sinki lile pale, mke wangu amelala. Udongo ulipotoka, nikaliona hilo tundu. Nikajua nilidanganywa. Sikufukia ajali, Jolán. Nilimfukia mtu aliyeuawa."

"Na ukanyamaza."

"Nilikuwa nimeshanyamaza miaka kumi na miwili. Ningeanzia wapi?"

Kisu hakikutetemeka hata kidogo. Emőke alikuwa ameushika mkono wa Jolán kwa nguvu zake zote, na mkono ule, mkono wa mwanamke wa miaka hamsini na mitano, ulikuwa kama nondo.

"Nani alikuambia?" Emőke aliuliza. "Bwana Mkurugenzi, nani alikuwa pale mtaroni uliporudi?"

"Tulikuwa tumepewa mlinzi. Kwa ajili ya dhahabu, ikitokea. Kijana wa mgambo, ana miaka ishirini, hata ndevu hajaota. Nilimkuta amekaa juu ya lundo la udongo, ametapakaa matope mpaka machoni, analia. Nilidhani analia kwa huruma."

"Jina."

Mzee alifungua kinywa. Nje, theluji ilisagika chini ya matairi. Mlango wa gari ukapigwa. Taa ya buluu ikazunguka mara moja juu ya mitungi ya jemu, ikazimika.

"Wamefika," Emőke alisema, pumzi zikamshuka. "Shangazi, wamefika, weka hicho kisu."

Viatu vizito vilivuka ua. Vikasimama. Mtu akakung'uta theluji kizingitini, akagonga mara tatu, si kwa ukali.

"Jolán? Ni mimi, Regős. Nimeona baiskeli yako uani. Kule makumbusho mmeacha wazi, hamna mtu. Nimeambiwa kuna mifupa."

Mkuu wa kituo mwenyewe! Kapteni Regős, ambaye kila Krismasi humletea Jolán mzigo wa kuni na hakubali kulipwa hata kikombe cha chai. Jolán alianza kulegeza mkono.

Kisha akauona uso wa Kürthy.

Ulikuwa umepauka. Mzee alikuwa anautazama mlango kama mtu anayeangalia mtaro, na alipozungumza hakutoa sauti, midomo tu.

"Ndiye."

"Ndiye nani?" Emőke alinong'ona.

"Yule mlinzi. Usifungue, Jolán. Kwa jina la Mungu, usifungue."

Mlango ukagongwa tena. "Jolán? Uko peke yako humo?"

Jolán aliweka kisu mezani. Alilichukua fuvu la dada yake, akalifunga ndani ya aproni yake ya kazi, akakaza fundo, akalibana kwapani kama mtu anayebeba mkate kutoka dukani. Akajifuta uso kwa kiganja.

"Nakuja, Kapteni," alisema kwa sauti ile ile ya kila siku, akaenda kufungua.